Raha ya Mombasa, na kutulia kabla ya kuweka PIN

Muulize mtu wa Mombasa kwa nini hahamii Nairobi kutafuta maisha. Atacheka kwanza, kisha akuulize: "Na bahari nitamwachia nani?"

Hivi majuzi tulizunguka mjini, kutoka Likoni hadi Bamburi, tukiongea na wateja kuhusu wanavyotumia pesa kwa simu. Tulienda na maswali ya pesa, lakini wenyeji walitaka kwanza kutusimulia mji wao. Tukawaacha waseme. Kumbe mambo haya mawili yanahusiana kuliko tulivyodhani.

Jiji la kukutosha

Mombasa ni jiji la pili kwa ukubwa Kenya, lakini si kubwa la kukupoteza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama milioni 1.2 hapa, wakati Nairobi ilikuwa na milioni 4.4. Kisiwani unaweza kununua viungo Marikiti, ukapita Biashara Street kuangalia leso mpya zilizoingia, ukakata vichochoro vya Mji wa Kale na kutokea Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Yote hayo kwa miguu, bila kupanda hata tuktuk.

Na njiani utasalimiwa. Salamu ya hapa haiishi kwa "sasa" na "poa". Utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, ndipo shughuli ianze. Mgeni kutoka bara huona anacheleweshwa. Akikaa miezi mitatu, yeye ndiye anayewachelewesha wenzake.

Tumbo halilali njaa

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Jua likipanda, dafu. Jioni viazi karai na ukwaju, au mihogo ya kukaanga iliyopakwa pilipili na ndimu. Usiku wazee wanakaa barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu, kashata pembeni, siasa zinachambuliwa mpaka zinaisha.

Jioni ya Jumapili, familia nzima inateremka Mama Ngina, pale mbele ya bahari palipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya 2019. Watoto wanakimbia chini ya mibuyu, wakubwa wanatazama meli zikiingia Kilindini. Upepo wenyewe hauna bei.

Hata feri ya Likoni, ambayo kila mtu anailalamikia kwa foleni na joto, ina raha yake. Mwenda kwa miguu halipi kitu. Na meli kubwa ikija, feri inasubiri ipite. Watu wanageuka kuitazama, hata wale wanaovuka kila siku.

Raha iliyo kubwa kuliko zote

Lakini tulipouliza, "Ni kitu gani ungekikosa zaidi ukihama?" wengi hawakutaja bahari wala chakula. Walitaja watu. Mwenye duka anayekupa unga na sukari ukamwambia "nitakutumia jioni", naye hata haandiki. Jirani anayekuwekea mtoto hadi utoke kazini. Muuza samaki anayekuchagulia changu mzuri wakati uko kwenye simu, unamlipa baadaye.

Mji huu unakwenda kwa kuaminiana. Shida ni kwamba tapeli naye anajua.

Yaliyompata mama wa mahamri

Upande wa Likoni tulikutana na mama anayeuza mahamri karibu na kivuko. Jina lake tunalihifadhi. Asubuhi moja, wateja wakiwa wamejaa, kijana mmoja alichukua mahamri ya shilingi 350, "ya watu wa ofisini". Akabonyeza simu yake kidogo, kisha akashika kichwa.

"Mamangu, nimekosea! Nimetuma 3,500 badala ya 350. Tafadhali nirudishie, feri inaniacha."

Simu ya mama ikalia. Meseji imeingia, inasema amepokea 3,500, imeandikwa vile vile kama zile anazozijua. Akamtumia 3,150. Kijana akashukuru, akamwombea na baraka, akakimbilia kivukoni.

Saa sita mama akaenda kununua unga na mafuta ya kesho. Salio halikutosha. Alipofungua tena ile meseji na kuisoma kwa utulivu, akaona imetoka kwa namba ya simu ya kawaida, si kwa jina la huduma. Hakuna pesa yoyote iliyokuwa imeingia. Alikuwa amempa mwizi pesa zake mwenyewe, na mahamri juu. Siku mbili hakupika.

"Nilimwonea huruma," alituambia. "Kijana wa umri wa mwanangu, anachelewa feri. Ningemwambia asubiri?"

Ndiyo mama, ungemwambia asubiri. Na leo ndivyo anavyofanya. Mtu akisema amekosea, anaweka kijiko chini, anaangalia salio kwenye menyu ya simu, ndipo anajibu. "Wa kweli anasubiri," anasema. "Yule wa uongo anaondoka mwenyewe."

Na mgeni wa Desemba je?

Wanaolizwa si wenyeji peke yao. Likizo ikikaribia, watu wa bara wanatafuta nyumba za kukodi Nyali, Bamburi na Diani kupitia mitandao. Picha ni nzuri, bei ni nzuri, na mwenye nyumba ana haraka: "Tuma dipoziti sasa hivi, kuna mtu mwingine anaitaka." Unatuma, unasafiri usiku kucha na watoto, unafika unaambiwa hakuna nyumba ya hivyo hapa.

Kama una ndugu au rafiki Mombasa, mwombe akaione nyumba kabla hujatuma hata shilingi. Kama huna, uliza kama wanapokea malipo kwa namba ya biashara, na hakikisha jina linalotokea linalingana na la mahali ulipoambiwa. Mtu akikataa kabisa kuonyesha nyumba na anataka pesa kwa namba yake binafsi tu, tafuta kwingine. Hoteli na vyumba Mombasa haviishi.

Mambo matano ya kushika

1. Meseji peke yake si pesa. Kabla ya kutoa bidhaa au kurudisha "ziada", angalia salio lako kwenye menyu au programu ya simu.

2. Soma jina la mpokeaji linapotokea, halafu ndipo uweke PIN. Namba moja tu ikikosewa, pesa inaenda kwa mtu usiyemjua.

3. Ukituma kimakosa, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha inakuwa ngumu.

4. Pesa ya mtu ikikuingia kimakosa kweli, usiitume wewe mwenyewe. Mwambie aripoti kwa huduma kwa wateja, irudishwe kwa njia hiyo. Hapo hakuna anayeumia.

5. PIN ni yako peke yako. Sisi hatutakupigia kukuuliza, na wakala hana haja nayo. Hata mtoto wa jirani anayekusaidia kubonyeza, mwambie akuonyeshe pa kubonyeza, PIN uiweke mwenyewe.

Mombasa ni ile ile

Tulimuuliza mama wa mahamri kama sasa amewachukia wateja. Akacheka. Bado anawakopesha wale anaowajua, na siku ile tulipomtembelea alikataa katakata tusilipe chai ya kwanza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. Ya pili tulilipa kwa simu. Akasimama, akaangalia salio lake taratibu, kisha akatabasamu: "Imeingia wanangu. Karibuni tena."

Hatukuona kama ametudharau. Alichukua muda wake, kama mtu wa pwani anavyochukua muda wake kusalimia. Pale kivukoni, feri ilikuwa imesimama ikisubiri meli ipite, na hakuna aliyekufa kwa kungoja. Kama feri yenye watu mia kadhaa inaweza kungoja, hata shilingi zako 350 zinaweza.

Ukipata meseji inayokutia shaka, usiifute. Piga simu huduma kwa wateja utueleze, tuangalie pamoja.