Kabla ya Kununua Mashine Ndogo ya Kukoboa Mpunga: Mambo Ambayo Mkulima wa Kyela Anapaswa Kuyapima

Na Mwandishi Wetu, Kyela

Msimu wa mavuno unapofika katika bonde la Kyela, kaya nyingi hukabiliwa na uamuzi mmoja: kuuza mpunga ukiwa shambani au kuukoboa na kuuza mchele. Jina la mchele wa Kyela, unaofahamika nchini kwa harufu na ladha yake, limewafanya baadhi ya wakulima na vikundi kufikiria kumiliki mashine ndogo ya kukoboa nyumbani. Nia hiyo ni njema na inaendana na azma ya Serikali ya kuongeza thamani ya mazao. Hata hivyo, mashine iliyochaguliwa vibaya inaweza kuchukua faida ileile iliyokusudiwa kuletwa.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei na kasi ya mashine. Swali la msingi, hata hivyo, ni hili: katika kila kilo 100 za mpunga, mashine hii itanirudishia kilo ngapi za mchele, na kati ya hizo, ngapi ni punje nzima?

Punje ya mpunga ina takriban asilimia 20 ya makapi na asilimia 8 hadi 12 ya pumba. Kinachobaki, yaani asilimia 68 hadi 72, ndicho mchele mweupe, na hakuna mashine inayoweza kuzidisha kiwango hicho. Tofauti kati ya mashine moja na nyingine ni namna inavyokikaribia.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya silinda ya chuma, ambayo chimbuko lake ni mashine iliyobuniwa nchini Brazil na Evaristo Conrado Engelberg katika karne ya 19. Mashine hii huondoa makapi na pumba kwa hatua moja, kwa kusugua punje kwa nguvu ndani ya chuma. Ni rahisi kununua na kutengeneza, lakini huvunja punje nyingi, na kwa kawaida hutoa kilo 53 hadi 55 za mchele kwa kila kilo 100 za mpunga. Pumba yake huchanganyika na makapi, hivyo hupungua thamani kama chakula cha mifugo.

Aina ya pili hutumia rola mbili za mpira zinazozunguka kwa kasi tofauti. Rola hizo huvua ganda kwanza, kisha sehemu nyingine ya mashine husugua mchele na kutenga pumba. Mashine hii hutoa kilo 60 au zaidi kwa mpunga uliokaushwa vizuri. Gharama yake iko katika rola zenyewe, kwa kuwa ganda la mpunga ni gumu na huula mpira. Mnunuzi ahakikishe mapema kwamba rola, chujio, mikanda na beringi vinapatikana Kyela au Mbeya. Mashine inayosubiri kipuri kutoka mbali katikati ya msimu ni hasara.

Tuchukue mfano wa kaya yenye kilo 3,000 za mpunga. Kwa mashine inayotoa kilo 54 kwa kila 100, kaya hiyo itapata kilo 1,620 za mchele. Kwa ile inayotoa kilo 62, itapata kilo 1,860. Tofauti ni kilo 240, kutoka shamba lilelile na jasho lilelile.

Jambo la pili ni nguvu ya kuendeshea. Mashine ndogo zenye mota ya kilowati 2 hadi 3 huweza kutumia umeme wa njia moja, ambao ndio uliopo katika nyumba nyingi. Mashine ya nguvu farasi 15, sawa na takriban kilowati 11, huhitaji umeme wa njia tatu au injini ya dizeli. Ni vyema kuonana na TANESCO kabla ya kulipia mashine, na kumtumia fundi mwenye leseni kufunga nyaya.

Ukubwa nao upimwe kwa kiasi cha kazi iliyopo. Mashine ya kilo 150 kwa saa humaliza kilo 3,000 kwa saa 20 tu. Kaya moja haiwezi kuirudisha gharama yake peke yake. Kama hakuna uhakika wa majirani watakaoleta mpunga, ni busara kununua kwa kikundi.

Hata mashine bora haiwezi kuuokoa mpunga uliokaushwa vibaya. Kyela ni wilaya ya mvua nyingi na hewa yenye unyevu, na mpunga hukobolewa vizuri ukiwa na unyevu wa asilimia 14. Utandazwe juu ya turubai kwa unene wa sentimita 2 hadi 4 na kugeuzwa mara kwa mara, kwa sababu jua kali la ghafla hupasua punje kabla hazijafika mashineni. Asiye na kipimo anaweza kutikisa mpunga na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye kioo, mpunga bado ni mbichi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apeleke kilo 20 za mpunga wake mwenyewe, uliokauka, zikobolewe mbele yake. Apime mchele: kilo 11 au pungufu ni dalili mbaya, kilo 12 na zaidi ni nzuri. Kisha achukue gramu 100, atenge chenga na punje nzima, na kupima kila fungu. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kutoa jibu.

Usalama usisahaulike. Mikanda na pulii zifunikwe, watoto wasikaribie, na mwendeshaji asivae khanga au nguo inayoning'inia.

Kwa ushauri wa teknolojia na mikopo, wananchi wanaweza kufika katika ofisi ya SIDO mkoani Mbeya, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kupitia maafisa maendeleo ya jamii. Atakayefungasha mchele kwa ajili ya soko awasiliane na TBS kuhusu viwango, na mizani yake ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Jina la mchele wa Kyela limejengwa na wakulima kwa miaka mingi. Kulilinda kunaanzia kwenye turubai la kuanikia na kuishia kwenye mashine inayorudisha punje nzima.