Bahashishi, Ada ya Huduma na Kiinua Mgongo: Istilahi za Mkahawa katika Hoteli za Bei Nafuu

Chakula, chumba na meza ni mambo ya kila siku, na kila mtu hudhani kwamba anayo maneno yake tayari. Lakini mara mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali anapoletewa maandishi yahusuyo biashara ya hoteli katika nchi nyingine, ndipo anapogundua kwamba maneno yale yale ya kila siku ama hayatoshi, ama yametosha kupita kiasi, kwa kuwa neno moja limebebeshwa maana mbili au tatu. Kosa la namna hiyo si la lugha tu. Aghalabu huishia katika mfuko wa mtu: mgeni akalipa mara mbili, au mfanyakazi asijue haki yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kundi moja la istilahi hizo kwa kutumia mfano mmoja halisi, nao ni hoteli za bei nafuu zilizo katika eneo la burudani la Walt Disney World, katika jimbo la Florida, nchini Marekani.

Mfano wenyewe

Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Hoteli zake za mwanzo zilikuwa za bei kubwa. Hoteli za bei nafuu zilikuja baadaye: All-Star Sports na All-Star Music zilifunguliwa mwaka 1994, All-Star Movies mwaka 1999, Pop Century mwaka 2003, na Art of Animation mwaka 2012. Ni hoteli kubwa mno. Pop Century peke yake ilijengwa ikiwa na vyumba 2,880. Kila moja ina ukumbi mmoja mkubwa wenye vituo mbalimbali vya vyakula. Mgeni husimama penye kaunta, huagiza, hulipa, hubeba trei yake mwenyewe na kutafuta pa kuketi. Mkahawa ambamo mgeni huketi kwanza, kisha akaletewa chakula na mhudumu, haumo katika hoteli hizo. Umo katika zile za bei ya juu zaidi.

Kwa hiyo limekuwapo swali la muda mrefu miongoni mwa wageni: je, hoteli hizi za bei nafuu ziongezewe mikahawa ya kuhudumiwa mezani? Wanaotaka husema kwamba familia iliyotembea juani kutwa nzima ingependa kuketi na kuhudumiwa pale pale inapolala, badala ya kupanda basi kwenda hoteli nyingine. Wanaopinga husema kwamba mkahawa wa namna hiyo huleta wahudumu, wahudumu huleta bahashishi, na bahashishi huifanya hoteli ya bei nafuu isiwe nafuu tena. Hapa hatukusudii kuwaamulia. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba mfasiri hawezi kulieleza swali lenyewe kwa Kiswahili pasipo kwanza kuyatenga maneno yafuatayo.

Hoteli, mkahawa na ukumbi wa vyakula

Neno "hoteli" kwa Waswahili wengi lina maana ya mahali pa kula. Mtu husema, "Nakwenda hotelini kunywa chai," wala hakusudii kulala huko. Katika maandishi ya utalii, maana iliyo kuu ni mahali pa kulala wageni. Sentensi isemayo kwamba "hoteli hii haina hoteli" itamchekesha msomaji, lakini mfasiri asiye mwangalifu anaweza kuiandika. Tunashauri kwamba katika maandishi rasmi "hoteli" ibaki kuwa mahali pa malazi, na mahali pa kula paitwe "mkahawa", au "mgahawa" kama wengine wanavyotamka na kuandika. Ni kweli kwamba asili ya neno hilo ni kahawa, na zamani mahali hapo palikuwa pa kunywa kahawa na kuzungumza. Lakini maana yake imekwisha panuka, na hakuna sababu ya kuirudisha nyuma.

Mahali penye vituo vingi vya vyakula na meza za pamoja tunapendekeza paitwe "ukumbi wa vyakula". Tusipaite "soko la chakula", kwa kuwa sokoni hununuliwa vyakula visivyopikwa. Wala tusipaite "bwalo", kwa kuwa bwalo ni la shule, jeshi au kambi, ambako chakula hugawiwa na hakuna anayechagua wala anayelipa papo kwa papo.

Huduma ya mezani na huduma ya kaunta

Tofauti ya pili ndiyo moyo wa jambo. Baadhi ya wafasiri hutenganisha "kuhudumiwa" na "kujihudumia". Mgawanyo huo haufai hapa. Katika ukumbi wa vyakula mgeni hajipikii wala hajipakulii. Yuko mtu anayempikia na kumkabidhi sahani. Neno "kujihudumia" liachiwe mahali ambapo mgeni hujipakulia mwenyewe kutoka katika vyombo vilivyopangwa. Kinachotenganisha ukumbi wa vyakula na mkahawa ni mahali ambapo huduma inatolewa: kwenye kaunta au mezani. Kwa hiyo tunapendekeza "huduma ya kaunta" na "huduma ya mezani".

Anayetoa huduma ya mezani ni "mhudumu wa meza". Wazee wetu walisema "kuandika meza", na mwenye kazi hiyo akaitwa "mwandikaji". Neno hilo ni zuri, ila leo msomaji angefikiri ni karani. Neno "boi" halifai kabisa: limetoka katika dharau ya wakoloni, na lilimwita mtu mzima mtoto.

Bahashishi

Sasa tufikie fedha. Katika mikahawa ya Marekani yenye huduma ya mezani, mgeni hutarajiwa kumwachia mhudumu fedha juu ya bei ya chakula, kwa kawaida baina ya asilimia 15 na 20. Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribia fedha hizo, nayo tuyapime moja moja.

"Chai" na "kitu kidogo" hayafai. Japokuwa maana yake ya mwanzo haikuwa mbaya, yamekwisha kuwa vazi la rushwa, na mhudumu anayepokea malipo halali asivikwe vazi hilo. "Takrima" lilikuwa neno la heshima, lenye maana ya ukarimu kwa mgeni. Lakini nchini Tanzania liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, likawa na maana ya vitu ambavyo mgombea huwapa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Baada ya hapo ni vigumu kulitumia bila kuamsha mabishano hayo. Tena takrima humwendea mgeni, hali fedha tunazozisema hutoka kwa mgeni. "Kilemba" ni zawadi ya mila apewayo fundi au mwalimu kazi inapokwisha; halilingani na kazi ya saa moja.

Linalobaki ni "bahashishi", ambalo wengine huliandika "bakshishi". Asili yake ni Kiajemi, lenye maana ya kutoa au kupa, na limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu. Maana yake ni fedha ambazo mtu humpa kwa hiari yake yule aliyemhudumia. Maneno "kwa hiari yake" yashikwe sana, kwa kuwa sheria nayo imeyashika.

Ada ya huduma

Mikahawa mingi ya Marekani huongeza fedha za huduma katika hesabu yenyewe wageni wanapokuwa kundi kubwa. Mgeni huziona zimekwisha andikwa, wala hana la kuamua. Je, hiyo nayo ni bahashishi? Idara ya kodi ya nchi hiyo ilitoa mwongozo mwaka 2012, ulioanza kufuatwa Januari 2014, kwamba bahashishi hutambulikana kwa mambo manne: imetolewa bila kulazimishwa, mtoaji ndiye anayepanga kiasi, haikutokana na majadiliano wala amri ya mwajiri, na kwa kawaida mtoaji ndiye anayeamua nani apewe. Fedha zilizokwisha andikwa na mwenye mkahawa hazina sifa hizo, na mhudumu akigawiwa huhesabiwa kuwa ni mshahara.

Fedha za namna hiyo tunapendekeza ziitwe "ada ya huduma". Neno "ada" hapo kale lilikuwa na maana ya desturi, kisha zawadi ya desturi, na leo ni malipo yaliyopangwa. Tusiseme "ushuru" wala "kodi", kwa kuwa hizo hupokewa na serikali au mamlaka yake.

Mfasiri asidhani kwamba huku ni kupasua unywele. Sheria iliyotiwa saini nchini Marekani tarehe 4 Julai 2025 iliwaruhusu wafanyakazi wenye kipato kisichozidi kiwango fulani kuondoa katika hesabu ya kodi ya mapato bahashishi zisizozidi dola 25,000 kwa mwaka, kuanzia mwaka 2025 hadi 2028. Bahashishi ya hiari imo. Ada ya huduma haimo. Tangu miaka ya 2010 Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamepewa makazi nchini humo. Mmoja wao akiajiriwa hotelini na kupewa karatasi iliyofasiriwa ambamo mambo yote mawili yameitwa "bahashishi", atakosea hesabu yake ya kodi, na kosa halitakuwa lake.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Sheria ya shirikisho imeweka kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, lakini mwajiri wa mtu apokeaye bahashishi anaweza kumlipa dola 2.13 tu, mradi bahashishi zifidie kilichobaki. Zisipotosha, mwajiri lazima aongeze. Florida ina kiwango chake: tarehe 30 Septemba 2025 kilifika dola 14, na kwa mwenye kupokea bahashishi dola 10.98. Kwa hiyo bahashishi huko si nyongeza juu ya ujira kamili, kama msomaji wa Afrika Mashariki anavyoweza kufikiri. Kwa sehemu ni ujira wenyewe. Mfasiri anayeandika "zawadi kwa mhudumu" amelificha jambo hilo.

Mtego wa kiinua mgongo

Katika hesabu za mikahawa ya Kiingereza, mahali pa "tip" aghalabu huandikwa "gratuity". Mtumishi wa serikali wa kwetu analijua neno hilo katika barua za utumishi, ambako maana yake ni malipo apewayo mtu anapomaliza mkataba au anapostaafu, yaani "kiinua mgongo". Hapo mtego umetegwa. Sentensi isemayo kwamba "kiinua mgongo cha asilimia 18 kitaongezwa kwa makundi" ni ya ajabu, kwani hakuna aliyestaafu. Sheria iwe hii: katika mkahawa, mfasiri atazame kwanza kama mgeni ana hiari. Akiwa nayo, ni bahashishi. Asipokuwa nayo, ni ada ya huduma. Kiinua mgongo kikae katika utumishi.

Hesabu fupi

Tuchukue familia ya watu 4 iliyokula mezani chakula cha dola 120 katika kaunti ya Orange, Florida, ambako kodi ya mauzo ni asilimia 6.5. Kodi ni dola 7.80. Bahashishi ya asilimia 18 ni dola 21.60. Jumla ni dola 149.40. Wakila hivyo siku 5, bahashishi peke yake ni dola 108. Katika ukumbi wa vyakula familia hiyo hulipa chakula na kodi tu, kwa kuwa huduma ya kaunta haina desturi hiyo. Bila ya istilahi zilizotengwa, msomaji hawezi kuelewa kwa nini kuongeza meza na mhudumu mmoja kuwe jambo la kubishaniwa.

Lakini meza peke yake hailazimishi bahashishi. Bustani ya kampuni hiyo hiyo karibu na Paris, iliyofunguliwa mwaka 1992, imo katika nchi ambamo bei ya mkahawa huonyeshwa ikiwa imejumuisha huduma. Ile ya karibu na Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1983, imo katika nchi isiyo na desturi ya bahashishi. Huduma ya mezani ni moja. Malipo yake ni matatu. Ndiyo sababu istilahi ya huduma na istilahi ya malipo zisifungwe pamoja.

Muhtasari wa mapendekezo

1. Hoteli ya bei nafuu: mahali pa malazi pa gharama ndogo.
2. Mkahawa wa huduma ya mezani: mahali ambapo mgeni huketi na kuletewa chakula.
3. Ukumbi wa vyakula: mahali penye vituo vingi na meza za pamoja.
4. Huduma ya kaunta: mgeni huagiza, hulipa na kuchukua chakula penye kaunta.
5. Mhudumu wa meza: anayepokea agizo na kuleta chakula mezani.
6. Bahashishi: fedha za hiari kutoka kwa mgeni kwa aliyemhudumia.
7. Ada ya huduma: fedha za lazima zilizopangwa na mwenye mkahawa.
8. Kiinua mgongo: malipo ya mwisho wa utumishi, lisitumike katika mkahawa.

Haya ni mapendekezo, wala si hukumu. Walimu wa vyuo vya hoteli, wafasiri wa mikataba na wenzetu wa pwani wanaojua matumizi ya zamani ya "ada" na "kilemba" wanaombwa walete maoni yao, ili istilahi zitakazokubaliwa ziwe ni zile ambazo mhudumu mwenyewe, akizisoma katika karatasi yake ya mshahara, atazielewa bila ya mkalimani.