Bastola ya upepo kwa kulenga shabaha nyumbani: kwanza tazama ukuta

SWALI

Mimi nina duka Kariakoo na naishi na familia yangu mtaa wa pili tu kutoka dukani. Tangu nilipomuona yule Mturuki kwenye Olimpiki nimeupenda mchezo wa kulenga shabaha. Nataka kununua bastola ya upepo, ndiyo itakuwa ya kwanza kwangu, niwe napiga shabaha nyumbani jioni nikishafunga duka. Je, inajuzu? Na kama inajuzu, ninunue ya aina gani? Nyumbani nina watoto watatu.

JIBU



Asili ya kulenga shabaha ni kujuzu, bali ni jambo lililosifiwa. Imepokewa na Uqba bin Amir katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Suratul Anfal kuwa ni kurusha mishale, akalikariri neno hilo mara tatu. Hapa sirefushi, kwa sababu kila kijana anayeniuliza suala hili huwa anakuja na hadithi hii mkononi.

Ambayo hawaji nayo ni ile ya Abu Musa, waliyoipokea Bukhari na Muslim: mwenye kupita msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Zimetajwa sehemu mbili, na zote ni sehemu za msongamano wa watu. Na wewe ndugu yangu huna haja ya kupita sokoni, unaishi humo. Ipo pia hadithi ya Abdullah bin Mughaffal, nayo wameipokea wote wawili, ambamo Mtume (s.a.w.) amekataza kufyatua vijiwe kwa vidole, kwa sababu kijiwe hicho hakiui mawindo wala hakimdhuru adui, lakini huvunja jino na kupofua jicho. Mimi sijui maelezo yanayoifaa bastola ya upepo kuliko hayo. Punje yake haina nguvu ya risasi ya baruti, na kwa sababu hiyo watu huidharau, lakini kwa jicho la mtoto inatosha na kuzidi.

Kwa hiyo hukumu haiko kwenye bastola peke yake. Iko kwenye mahali. Nitaanza na mahali, kisha nije kwenye aina.

Kariakoo zimebaki nyumba za namna mbili. Ya kwanza ni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna jiko, choo na kamba za nguo. Mwenye kuitazama kwa jicho la mlenga shabaha atasema ukumbi ule umejengwa kwa ajili yake, maana ni mrefu, umenyooka, na unaweza kukaribia mita 10 ambazo ndizo za mashindano. Huo ndio mtego wenyewe. Ukumbi una milango pande zote mbili, na nyuma ya kila mlango kuna mpangaji, na mtoto hatoki chumbani kwa kubisha hodi. Usipige kwenye ukumbi wa nyumba ya Kiswahili hata kama wapangaji wote wamekuambia hawapo. Uani nako ndiko kina mama wanakopikia.

Ya pili ni ghorofa, ambazo sasa ndizo nyingi. Ndani ya fleti mara nyingi huipati hata mita 6 bila ya kupitisha punje mbele ya mlango wa mtu. Juu ya paa pana nafasi, lakini nyuma ya shabaha yako hapana kitu isipokuwa anga na mtaa wa jirani. Punje iliyokosa shabaha hata kwa bastola dhaifu huenda zaidi ya mita 100 kabla haijaanguka, na mita 100 kutoka paa lolote la Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Kongo ni kichwani kwa mtu. Wako wanaotaka kupanda juu kuwapiga kunguru. Najua kunguru hawa wa Kihindi ni balaa, waliletwa Unguja miaka ya 1890 wakavuka hadi bara, na kunguru ametajwa katika wanyama wanaojuzu kuuawa. Lakini idhini ya kumuua kunguru si idhini ya kurusha risasi juu ya mitaa ya watu. Na ndege asiyekuwa na madhara kufanywa shabaha ni haramu kwa hadithi ya Ibn Umar, aliyewakuta vijana wakimlenga ndege waliyemfunga.

Basi jibu langu kwako, kama nyumba yako ni moja ya hizo mbili, ni usipige hapo. Kama una kiwanja chako Kigamboni, Chanika au Mbagala, chenye uzio na ukuta, hapo tunaweza kuzungumza.

Hata hapo, ukuta mtupu hautoshi. Tofali la saruji hurudisha punje. Mwone fundi wa kuchomelea pale Gerezani akutengenezee sanduku la bati nene la milimita 3 hivi, wazi kwa mbele, na bati la nyuma lilazwe kwa mshazari ili punje iteremke chini badala ya kurudi usoni kwako. Ukikosa fundi, boksi la mbao lililojazwa mchanga au nguo chakavu zilizoshindiliwa linafaa. Karatasi ya shabaha unaibandika mbele. Ile ya mashindano ni ya sentimita 17 kwa 17, na duara lake la kumi ni la milimita 11.5 tu. Usianze na mita 10. Anza na 5 au 6, na nyuma ya sanduku pawe na ukuta usiokuwa na dirisha wala mlango. Kila aliyepo, na wewe wa kwanza, avae miwani ya kinga kama ya mafundi wa kukata chuma.

Sasa bastola. Ziko za namna tatu kuu, kwa kutazama kinachoisukuma punje.

Zipo za gesi, zinazotumia kijichupa cha gramu 12 cha kaboni dayoksaidi. Hizi ndizo vijana wanazozipenda, kwa sababu hazihitaji nguvu na unapiga mfululizo, mara 40 au 60 kwa kijichupa kimoja kutegemea bastola. Mimi sizipendi kwa mtu anayeanza. Upesi wake unamfundisha kufyatua, haumfundishi kulenga. Kila wiki utarudi dukani kununua vijichupa. Na joto letu ni adui yake: shinikizo la gesi hiyo hupanda kwa joto, kwa hiyo bastola inayopiga vizuri asubuhi hubadilika mchana, na kijichupa kilichoachwa ndani ya gari lililosimama juani ni hatari peke yake.

Zipo za springi. Unaikunja, springi inajibana, ukifyatua inaachia. Ni ngumu kuharibika na haitaki gesi. Tatizo lake ni kwamba springi inaporuka, bastola inaruka nayo kabla punje haijatoka kwenye mtutu, na anayeanza hatajua kama amekosa kwa sababu ya mkono wake au kwa sababu ya mtikisiko.

Na zipo zinazoshindilia hewa kwa pampu ya mkono mara moja tu. Unafungua sehemu ya juu, unaifunga kwa nguvu, hewa imeshindiliwa; unatia punje moja, unapiga moja. Weihrauch HW40 ya Ujerumani ni mfano unaojulikana. Haitikisiki, nguvu yake ni ile ile kila mara, na punje hutoka kwa kasi ya mita 100 na kitu kwa sekunde, ambayo kwa karatasi inatosha. Uvivu wake ndiyo faida yake. Kila pigo linakutaka usimame, uiweke chini, uishindilie, ufikiri. Kama mtu ananiuliza ya kwanza iwe ipi, namwambia hii. Aijaribu kwanza kuifunga dukani, maana kuna wasioiweza kwa mkono, na wazee wenye maumivu ya viganja wasijilazimishe.

Kuhusu ukubwa, chukua milimita 4.5, ndiyo ya Olimpiki na ndiyo punje zake nyingi. Mtutu uwe na mifuo ya mzunguko ndani, iliyotengenezwa kwa punje za madini ya risasi. Zile zinazopiga gololi za chuma ziache kabisa. Gololi haikubali kubonyea, hivyo ikigonga kitu kigumu inarudi ilikotoka, ilhali punje ya risasi hujipondea pale pale. Wala usitafute yenye nguvu nyingi. Ujerumani bunduki za upepo ambazo mtu mzima hununua bila ya kibali hazizidi joule 7.5 na huchapwa herufi F ndani ya pembe tano. Kwa karatasi iliyo mita 6 nusu ya hizo ni nyingi.

Nataka nikae kidogo kwenye sura ya bastola, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoingia matatani. Bastola nyingi za gesi hutengenezwa zifanane na zile za polisi na jeshi hata kwa uzito. Mnunuzi anafurahi, anaifunga kwenye mfuko wa rambo, anakatiza nayo Msimbazi saa kumi na moja jioni. Mtu mmoja akiuona mpini wake ukichungulia, huo umati utafanya nini? Askari aliye umbali wa mita 20 hana namna ya kujua kwamba ni ya upepo. Kumtisha Muislamu, hata kwa mzaha, kumekatazwa, na Abu Huraira amepokea kwamba Malaika humlaani mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma, hata akiwa ndugu wa baba na mama. Chagua yenye sura ya mchezo: kishikio cha mbao, mtutu mrefu. Ibebwe ndani ya sanduku lililofungwa, bila ya punje, bila ya hewa.

Kisha sheria. Silaha katika nchi yetu husimamiwa na Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Muuzaji akikuambia ya upepo haihitaji kibali, mwambie akuandikie hilo neno kwa mhuri wake, utaona. Kituo cha Msimbazi kiko pale pale Kariakoo. Nenda na picha ya bastola na maelezo yake, uliza kabla hujatoa shilingi, na jibu ulipate kwa maandishi. Usiagize Dubai au China kwa simu ukategemea itapita forodhani kwa jina la mwanasesere. Kuficha kitu ndani ya mzigo na kukiita kisichokuwa ni uongo, na kosa litakuangukia wewe uliyeagiza.

Umetaja watoto watatu. Nadhani unawajua kuliko mimi: kitu unachokificha juu ya kabati wameshakiona. Bastola ifungiwe kwa ufunguo, na punje zifungiwe mahali pengine kwa ufunguo mwingine. Ukimpa mtu mkononi, mpe ikiwa wazi na tupu, kwa namna ile ile tulivyokatazwa kupeana upanga uliochomolewa. Sefti isikufanye ujiamini. Ni chuma kidogo na chuma huchakaa. Na jambo ambalo wengi hawalifikirii: kwa Kiswahili tumeyapa jina moja, risasi, madini yenyewe na kile kinachotoka kwenye bunduki, na madini hayo ni sumu, hasa kwa akili ya mtoto anayekua. Usiweke punje mdomoni huku unashindilia, kama baadhi ya watu wanavyofanya. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, na sisi tunakula kwa mkono. Vumbi la kwenye sanduku la shabaha lifagie kwa kitambaa kibichi, na watoto wasilikaribie.

Ama yule Mturuki, Yusuf Dikeç, aliyepata medali ya fedha Paris mwaka 2024 pamoja na Şevval İlayda Tarhan, alikuwa na umri wa miaka 51, na ile haikuwa Olimpiki yake ya kwanza. Alianza Beijing 2008. Mkono mfukoni si madaha. Bastola ya Olimpiki hushikwa kwa mkono mmoja, na ule mwingine ukiwekwa mfukoni mwili unatulia. Hilo unaweza kulifanyia mazoezi leo, chumbani, ukiwa umeshika pasi baridi au chupa ya maji ya lita moja iliyojaa, mkono umenyooka kwa sekunde 15, ushushe, upumzike, urudie.

Na kama unabaki Kariakoo na moyo haujatulia, ipo njia nyingine. Mchezo wa pentathloni ulikuwa ukitumia bastola za upepo, na kufikia Olimpiki ya London 2012 ulikuwa umeshahamia kwenye bastola za mwanga wa leza, zisizorusha kitu chochote. Zipo za mazoezi za namna hiyo, na shabaha yake ya kielektroniki hukuonyesha ulipogonga. Leza nayo isielekezwe machoni mwa mtu, lakini haitoboi mlango wa jirani, na kwenye fleti ya mita 5 unaweza kupiga mara mia baada ya Isha bila ya mtu wa ghorofa ya chini kujua.