Makomeno: kufanya kazi ya chama fasi ya wengine

LUBUMBASHI. Mu Makomeno, ukipandisha bendera ya chama juu ya lupango yako, hata muuza mikate wa asubuhi anajua uko upande gani. Kama ni bendera ya chama chenye kuwa na nguvu mu jimbo, hakuna neno. Lakini kama ni ya wale wengine, maulizo inaanza: «Weye uko mutu wa fasi gani? Nani anakulipa?»

Kila chama kikubwa cha inchi yetu kiko na fasi kinapendwa na fasi hakipendwe. UDPS, yenye kuzaliwa mwaka 1982, iliitwa hapa Katanga miaka mingi chama cha Wakasai. Ensemble pour la République ya Moïse Katumbi, kule Kasai, wengi wanaiona kama chama cha Wakatanga. Iwe hapa, iwe kule, ule mwenye kutafuta wanamemba fasi ya wengine anabeba muzigo moja: jirani hasikie maneno yake, anasikia tu kabila yake.

Jamaa za wachimbaji zinajua bei ya ile mawazo. Mwaka 1992, wakati Étienne Tshisekedi wa UDPS alichaguliwa waziri wa kwanza na Conférence nationale kule Kinshasa, chama UFERI cha Nguz Karl-i-Bond na gavana Gabriel Kyungu kilikuwa na nguvu hapa kwetu. Likasi mu 1992, Kolwezi mu 1993: watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu manyumba yao, hata wale wenye kuzaliwa hapa. Wafanyakazi wa Gécamines wenye miaka na miaka ya kazi walilala ku gare pamoja na batoto, wakingojea treni. Wengi walikufa njiani. Hakuna aliyewauliza kama wako na karte ya chama.

Lakini tuangalie wakubwa wenyewe. Kyungu yule yule alikuwa mumoja wa wabunge 13 wenye kumuandikia Mobutu barua mu 1980, pamoja na Tshisekedi. Mu 1992 walikuwa maadui. Mu 2016, chama chake UNAFEC na UDPS vilikuwa tena pamoja mu Rassemblement. Katumbi naye aliingia mu Union sacrée ya Rais Félix Tshisekedi, kisha akatoka mwisho wa 2022. Wakubwa wanaachana na wanarudiana. Sisi wa chini tunabakia na jirani mwenye hatusalimiane naye.

Na tusidanganyike kama jimbo iko ya chama moja. Mu uchaguzi wa Mei 1960, Conakat ya Tshombe ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la Katanga. Cartel, yenye Balubakat ya Jason Sendwe ndani, ilipata 23. Hata siku zile Katanga ilikuwa na sauti mbili.

Leo hesabu ni rahisi zaidi. Tangu 2011, rais anachaguliwa kwa duru moja. Kura ya Makomeno na kura ya Mbuji-Mayi ziko na uzito moja. Chama chenye kuacha fasi ya wengine kinatupa kura zake. Tena kinakosa mashahidi, ba témoins. Shahidi njo mwenye kuona kura zikihesabiwa, na kupata kopi ya PV. Kama hayuko, kura zinahesabiwa vile vile. Kisha chama kinaenda ku tribunal mikono mitupu.

Sasa, nani anamusaidia ule mutu wa chini? Mara mingi wakubwa wanamukumbuka mwezi wa kampanye, na vikwembe na ba tricots. Asubuhi ya kura kunakosa hata feza ya chakula ya shahidi mwenye atakesha usiku muzima. Musaada wa kweli ni vitu vidogo vya kila mwezi: feza ya transport, nyumba ndogo ya kukutania, avoka wa kuita wakati polisi inamukamata. Na inafaa kuchagua mutu wa kartie yenyewe, mwenye anajulikana ku kilio na ku harusi. Muntu wa kutumwa toka Kinshasa hawezi kufanya ile kazi.

Sheria inamulinda. Katiba, mu article 6, inakubali vyama vingi. Article 26 inaomba tu kujulisha serkali kwa barua mbele ya manifestation, haiombe ruhusa. Na mufanyakazi wa mine ashike article 36: hakuna mutu anaweza kuonewa mu kazi juu ya asili yake ao mawazo yake. Kontra haina rangi ya chama.

Lakini ulinzi wa kwanza ni jirani. Uchaguzi wa rais unarudi mu 2028. Ule papa ao mama wa chama kingine akisimama ku mulango wa biro ya kura, mupe kiti, mupe maji. Kesho yake mutakutana tena ku kisima, na batoto wenu watakaa banki moja ku masomo.