Tundu la Sita Liachwe Tupu?

Mdahalo wetu wa muhula huu haukuhusu siasa wala mapenzi. Ulihusu tundu moja la bastola.

Hapa Marekani kuna mchezo wa kulenga shabaha kwa mtindo wa makauboi. Chama chake kikuu, Single Action Shooting Society, kilianzishwa mwaka 1987. Washindani huvaa mavazi ya karne ya 19, hujipa majina ya utani, na hutumia bastola mbili, bunduki ya wenzo na bunduki ya marisau, huku saa ikihesabu. Ukikosa shabaha moja, unaongezewa sekunde 5.

Bastola hizo huwa na matundu sita, lakini kanuni inaruhusu risasi tano tu. Nyundo ilale juu ya tundu tupu. Chanzo ni bastola kama Colt ya mwaka 1873: nyundo ikilala juu ya risasi, ncha yake hugusa fataki, na bastola ikianguka inaweza kujifyatukia.

Mwaka 1973, kampuni ya Ruger ilileta bastola zenye kipande cha chuma kinachopitisha pigo la nyundo pale tu kifyatuo kinapovutwa. Basi tukauliza: wenye bastola hizo waruhusiwe kujaza sita?

Waliounga mkono walisema kanuni iliyopoteza sababu yake huwafundisha watu kudharau kanuni zote. Isitoshe, anayeangusha silaha yenye risasi huondolewa mashindanoni. Adhabu ipo tayari, ya nini kumbana mwenye bastola salama?

Waliopinga walijibu kwamba adhabu huja baada ya kishindo, na risasi hairudi. Wakaongeza kwamba msimamizi kwenye meza ya kujazia hutazama jambo moja: je, tundu chini ya nyundo ni tupu? Tukimtaka ajue kila bastola ina kipande gani ndani, na kama hakijachakaa, tunamgeuza fundi. Na mkono uliozoea sita leo, kesho unaweza kushika Colt ya zamani.

“Ajali haina kinga,” upande mmoja ulisema. “Ndiyo maana tahadhari huja kabla ya hatari,” ukajibiwa.

Kilichowageuza wengi wetu ni swali dogo: hiyo risasi ya sita ni ya kazi gani? Kwa kawaida kila zoezi hupangiwa risasi tano kwa kila bastola. Faida ni ndogo mno, na kinachowekwa rehani ni uhai wa mtu.

Msimamo wetu ni kwamba kanuni ibaki. Hata hivyo, walioipinga wana haki katika jambo moja: mgeni aelezwe sababu yake siku ya kwanza, asiambiwe tu “ndivyo tulivyozoea.” Kanuni ya usalama inafaa zaidi pale jirani yako anapoweza kuihakiki kwa macho yake mwenyewe.

Wanachama na walimu wetu, mwenye hoja ya kutupinga karibu ukumbini. Kiti cha upande wa pili kiko wazi.