Kumnenepesha Paka wa Mitaani

Mjini Lamu paka wengi wasio na wenyewe huishi kwa mabaki ya samaki. Ukimhurumia aliyedhoofu kwa njaa, usimshibishe kwa mara moja. Chakula kingi cha ghafla huongeza insulini, nayo huingiza fosfati na potasiamu ndani ya seli; damu ikipungukiwa na madini hayo, moyo waweza kusimama.

Mpe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, ukiongeza polepole kwa siku kadhaa. Samaki aliyepikwa, asiye na miiba, hufaa. Ugali mtupu hauna taurini, ambayo mwili wa paka hautengenezi ya kutosha. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima. Akila vizuri asinenepe, huenda ana minyoo: mwulize daktari wa mifugo.