Joto Sufuriani, Kileo Kikombeni

Maelekezo ya kuandaa wiski ya moto yenye viungo yameandikwa, karibu yote, na watu wenye theluji mlangoni. Ukiyafuata neno kwa neno Mpumudde, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda, utapata kinywaji kizito, kitamu kupita kiasi, kinachomtoa mtu jasho kabla hajafika nusu ya kikombe. Jinja iko kaskazini ya ikweta kwa nusu digrii tu. Siagi, krimu na mayai mabichi yaliyopigwa, vitu ambavyo mapishi ya Ulaya hupenda kuvichanganya na pombe kali wakati wa Krismasi, hapa vinageuka mzigo tumboni.

Hata hivyo baridi ipo, tena ya aina yake. Mji uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, kandokando ya ziwa na mto, na mwezi Desemba, mvua za vuli zikiwa zinaaga, jua huchoma mchana kutwa, kisha usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 au 16. Mzungu angelala na dirisha wazi. Lakini mwili hauna kipimajoto; unachohisi ni tofauti. Watu waliokaa uani tangu saa nane mchana wakila matooke, luwombo na wali, ikifika saa tatu usiku wanaanza kujifunika leso na kusogeza viti karibu na sigiri. Ukipita Mbale ukapanda miteremko ya Mlima Elgon hadi Kapchorwa, karibu mita 1,900, huko hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini kinywaji kiwe cha moto.

Jina Mpumudde maana yake "nimepumzika". Hapa ndipo Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro alipofia, Aprili 6, 1923, akiwa njiani kurudi nyumbani baada ya kufungiwa Shelisheli tangu mwisho wa karne iliyotangulia. Hakuifikia Bunyoro. Sidhani kama wageni wa Ssekukkulu, yaani Krismasi, humkumbuka wanapofika kutoka Kampala wamechoshwa na foleni ya magari katika msitu wa Mabira, ila neno lenyewe wanalitamka wakishuka: tumepumzika, sasa leteni cha kunywa.

Kabla ya kuleta, tuulize kinywaji hiki kinafanya kazi gani. Watu husema pombe inapasha mwili joto. Haipashi. Kwenye ulimi na koo kuna vipokezi vya neva vinavyoamka joto likifika nyuzi 42 hivi, na kazi yake ni kutuonya kwamba tunaungua. Pilipili huviamsha bila moto wowote, na tangawizi pia, ingawa kwa upole zaidi. Alkoholi ina ujanja wake: hushusha kizingiti cha vipokezi hivyo hadi nyuzi 34 au karibu na hapo. Mwili wenyewe una nyuzi 37. Kwa hiyo ukimeza waragi, pombe kali ya Uganda, koo linahisi kuungua kwa joto lake lenyewe. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hutanuka, damu yenye joto husogea juu, mashavu na masikio yanapata moto, nawe unaona umepona baridi. Kumbe joto lililokuwa limehifadhiwa kifuani na tumboni limepelekwa nje likapotee hewani. Mpumudde, nyuzi 16, hilo si neno. Kwenye njia za Elgon usiku, mvua ikinyesha, ni jambo la kuangaliwa: aliyekunywa akajihisi ana joto huacha koti na kuondoka, na hapo ndipo baridi inapomkamata.

Basi joto la kweli katika kikombe linatoka kwenye maji moto, sukari kidogo, na viungo vinavyouchokoza ulimi. Alkoholi ni ladha na uchangamfu. Ukishalikubali hili, namna ya kuandaa inabadilika: weka joto lote kwenye sufuria, na kileo kiingie baadaye, kikombe kwa kikombe.

Mashariki ya Uganda tayari wanajua kunywa moto kwa pamoja, ila wamepanga kwa njia nyingine. Malwa ya wimbi, ambayo Wateso huiita ajon, huwekwa katika chungu katikati ya duara. Unga wa wimbi uliochachushwa na kukaangwa, ukachanganywa na kimea, hupokea maji ya moto, na kila mtu huvuta kwa mrija wake mrefu, oluseke, wenye kichujio ncha ya chini. Chungu kikipungua birika huletwa tena. Tazama busara iliyomo: kila birika hulegeza kinywaji. Saa ya kwanza ina nguvu, saa ya nne imebaki karibu maji ya uvuguvugu yenye harufu ya nafaka, na wazee bado wamekaa, bado wanazungumza, mirija mdomoni. Wakati wa imbalu, sherehe ya tohara ya Wagisu, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, utaona duara hizo zikidumu tangu mchana. Kokteli ya wiski huenda kinyume, kwa kuwa kadiri usiku unavyosogea mkono wa mmiminaji unazidi kuwa mwepesi. Tunachoweza kuazima kwenye malwa ni birika: joto lirudishwe kwa kuongeza maji moto na viungo, chupa ikae mbali.

Kwa sufuria, msingi bora ninaoujua ni munanansi. Ndiyo juisi ya mananasi iliyopikwa na tangawizi ambayo harusi nyingi za Uganda haziwezi kukosa, na kwa kawaida hunywewa ikiwa baridi. Ipashe. Kwa watu kumi na wawili chukua mananasi mawili yaliyoiva vizuri, yaoshe kwa brashi kabla ya kumenya, kwa sababu maganda ndiyo yatakayopikwa. Maganda na moyo wa nanasi, pamoja na nusu ya nyama yake iliyokatwakatwa, tia kwenye lita tatu za maji. Tangawizi mbichi gramu 150, iponde kwenye kinu, usihangaike kuimenya. Nusu yake iingie mwanzoni na nusu nyingine dakika tano kabla ya kuepua. Sababu ni hii: ukali wa tangawizi mbichi hulainika ukipikwa sana, ukawa utamu wenye harufu nzuri, na hiyo ndiyo kazi ya nusu ya kwanza, nusu ya pili inabaki na ule mchomo wa kooni. Wanaotia yote mwanzoni hulalamika kwamba tangawizi ya siku hizi haina nguvu.

Viungo vingine viwe vichache. Vijiti viwili vya mdalasini, iliki kumi zilizopasuliwa, karafuu nane. Nasisitiza nane. Karafuu ina mafuta ya yujenoli, yaleyale ambayo madaktari wa meno hutumia kutia ganzi, na ukizidisha ulimi unakufa na hauonji kitu kingine. Mdalasini ukaangwe kwanza juu ya sufuria kavu, dakika moja, mpaka harufu ijae jikoni. Kama una mujaaja uani, ule mmea ambao nyumba nyingi hutia kwenye chai, chuma kitawi kimoja. Majani ya chai kijiko kimoja cha chakula, yaingie mwisho kabisa na yasikae zaidi ya dakika nne, maana uchungu wake ukishika hauondoki. Limau halichemshwi; maganda yake meupe ya ndani hutoa ukakasi. Kata vipande, kila mtu akamue mwenyewe.

Utamu ndio mahali ambapo Busoga ina bahati. Kutoka Mpumudde kwenda Kakira ni mashamba ya miwa barabara nzima, na mbali na kiwanda kikubwa cha sukari kuna mitambo midogo inayopika sukari guru, ile ya rangi ya kahawia inayouzwa kwa mabonge. Itumie hiyo badala ya sukari nyeupe, gramu 200 kwanza, uonje. Hapa si suala la uzalendo wa sokoni. Wiski hupata rangi yake na sehemu kubwa ya ladha yake, zile harufu za vanila, karameli na moshi, kwa kukaa miaka ndani ya pipa la mwaloni ambalo limeunguzwa kwa ndani. Waragi haijakaa kwenye pipa. Ni pombe nyeupe, kali, na ukiitia kwenye maji ya moto yenye limau inabaki uchi. Sukari guru inaivalisha nguo, kwa kuwa nayo imepikwa hadi ikaanza kuungua, ina karameli na moshi wake. Kwa wiski utahitaji sukari guru kidogo zaidi ya nusu ya kipimo hicho. Kwa waragi, tia yote.

Je, wiski au waragi? Wiski ya Bond 7 au ya Scotland ya bei ya kati, zote zinafaa. Kumwaga wiski ya miaka 18 ndani ya tangawizi na karafuu ni kuitukana. Mimi huchagua waragi, na sioni haya. Neno lenyewe ni ndugu wa araki ya Kiarabu, na waliolileta Uganda pamoja na ufundi wa kukeneka hutajwa kuwa askari wa Kinubi waliotoka Sudan mwishoni mwa karne ya 19. Wapo wanaodai ni "war gin" ya Waingereza. Ni hadithi tamu ya baa, basi. Sheria ya Enguli (jina jingine la waragi ya kijijini) ya mwaka 1965 ilimtaka mkenekaji wa kijijini awe na leseni na auze alichokeneka kwa kiwanda, kikenekwe upya na kutiwa chupani, na hivyo ikazaliwa Uganda Waragi. Kijijini hawakuacha, kama ilivyotarajiwa, na pombe yao ikapata majina mengine, likiwemo lira-lira.

Hiyo ya kijijini isiingie kwenye kikombe chako cha Krismasi, hata kama shemeji ameisifu. Mwaka 2010 watu zaidi ya 80 walikufa Kabale na maeneo jirani kwa kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Kuna imani kwamba kuichemsha kunaisafisha, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na alkoholi ya kawaida kwenye 78. Hesabu inaonekana nzuri, lakini katika sufuria vitu hivi havitoki kwa zamu kama abiria wa taksi. Vinatoka vikiwa vimechanganyikana, na inayobaki inatosha kupofusha. Ulimi hauitambui, na moto wa kiberiti nao si kipimo.

Imani nyingine ni nyepesi kidogo, nayo niliisikia uani kwetu. Baba mdogo alikuwa amekuja kutoka Mbale, Mwislamu wa swala tano, na kijana mmoja akamletea kikombe kutoka kwenye sufuria ambayo mtu alikuwa ameshaitia chupa nzima.

"Baba mdogo, kunywa tu, imechemka. Pombe yote imeruka."

"Imeruka imekwenda wapi?"

Kijana hakuwa na jibu, na baba mdogo alikuwa sahihi kuuliza. Pombe ikichemshwa taratibu pamoja na chakula kwa nusu saa, karibu theluthi moja bado imo; hata baada ya saa nzima robo inabaki. Ikitiwa kwenye kitu cha moto na kuepuliwa papo hapo, ni kama hujaipunguza. Ssekukkulu ya huku huwakutanisha Waislamu, walokole, watoto, wajawazito na wanaomeza dawa za presha, wote uani pamoja, na sufuria moja ikitiwa chupa imewafungia mlango nusu ya wageni, au imewadanganya. Sufuria isiyo na kileo inamhudumia kila mmoja, naye baba mdogo anapata tangawizi ileile, moto uleule, kikombe cha aina ileile mkononi.

Kipimo sasa. Kikombe cha mililita 200: jaza munanansi ya moto hadi robo tatu na kidogo, kisha mililita 40 za waragi au wiski, ambazo ni vijiko vya chakula viwili na theluthi mbili. Kwa pombe ya asilimia 40 hiyo ni mililita 16 za alkoholi tupu. Chupa kubwa ya bia, nusu lita yenye asilimia 5, ina 25. Kikombe kimoja basi ni pungufu ya bia moja, lakini vitatu vinakaribia mbili, na vitatu huisha upesi kwa sababu ni vitamu na vinapoa. Munanansi iwe imetulia kidogo baada ya kuchemka. Ikiwa bado inatokota, mvuke wa alkoholi unapanda puani na mnywaji anakohoa, akidhani umemtilia nyingi. Wala usimimine chupa juu ya sigiri. Mvuke huo unashika moto.

Sufuria ikibaki, na hubaki, funika uiache. Kesho yake, tarehe 26, bado ni tamu na unaweza kuipasha kwa chai ya asubuhi. Keshokutwa, kwa joto la Jinja, utaona povu jembamba likizunguka ukingoni na harufu imekaribia mkate mbichi: hamira za hewani zimeingia kazini, na sukari guru inageuka kileo bila chupa yoyote kufunguliwa. Wapo wanaoisubiri siku hiyo kwa hamu. Baba mdogo hapewi.